Kabla hujanunua lenzi ya zumu, pima kwanza chumba chako

Wajasiriamali wenzangu, leo nawapa somo ambalo mimi limenigharimu laki tatu na nusu.

Nauza magauni ya kitenge na mikoba mtandaoni, niko hapa Dodoma, Nkuhungu. Studio yangu ni chumba cha kupanga, mita 3 kwa 3. Mwaka jana nilikopa kwenye kikoba, nikanunua lenzi ya mtumba ya milimita 75-300. Nilijiambia, zumu kubwa ndiyo picha kali.

Nikafika nyumbani, nikavalisha sanamu gauni, nikaanza kupiga. Narudi nyuma, narudi nyuma, mpaka mgongo umegota ukutani. Kwenye kamera naona kiuno tu! Ikabidi nipigie picha koridoni kupitia mlangoni, wapangaji nao wanapita. Rejesho la kikoba halingoji, kila wiki liko palepale. Mwisho nikaiuza kwa hasara.

Lenzi haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikupima.

Iko hivi: namba ndogo kwenye lenzi inachukua eneo pana, namba kubwa inavuta karibu, kwa hiyo inataka nafasi. Kwa kamera nyingi za bei ya kawaida, zenye sensa ndogo, hesabu ni rahisi. Shika kamera wima. Chukua urefu wa bidhaa kwa sentimita, zidisha kwa namba ya lenzi, gawanya kwa 22. Jibu ni umbali wa kusimama, kwa sentimita. Kamera ya sensa kubwa, gawanya kwa 36.

Gauni langu lina sentimita 150:
👉 Lenzi ikiwa 35, nasimama kama mita 2.4.
👉 Ikiwa 50, mita 3.4.
👉 Ikiwa 75, mita 5 na ushee. Kwenye chumba cha mita 3, unapitia wapi?

Sasa natumia 18-55, ile ndogo inayouzwa pamoja na kamera nyingi. Gauni napiga kwenye 35, mkoba kwenye 50. Kwenye 18 sisogelei bidhaa kabisa, maana sehemu ya mbele inavimba. Mteja wangu wa Singida aliwahi kurudisha mkoba kwa basi: "Dada, pichani ulikuwa mkubwa!" Alikuwa na haki yake, nikamrudishia hela.

Faida nyingine ya zumu moja ni vumbi letu la kiangazi. Ukibadilisha lenzi mara kwa mara, vumbi linaingia ndani, halafu kila picha inatoka na madoa. Zumu inayokutosha hubaki mahali pake.

Unatumia simu? Usiisogeze puani mwa bidhaa. Rudi nyuma hatua moja mbili, weka 2x kama simu yako ina lenzi ya kuvuta karibu. Kama haina, piga hivyohivyo kwa mbali kidogo, kisha kata kingo.

Na kabla hujatoa hela: jua la Dodoma ni la bure. Pazia jeupe dirishani, karatasi ya manila nyeupe upande wa pili, tayari una taa.

Chukua futi kamba leo, upime chumba chako. Kina mita ngapi, na unauza nini? Andika hapo chini tupige hesabu pamoja, kabla hujaingia mkopo kama mimi. 🙏