Kasha Lililoushinda Mlango

Julai 1907, siku chache kabla ya Mfalme Edward VII kuzuru Ireland, vito vilivyoitwa vya taji la nchi hiyo vilionekana vimeibwa. Vimeibwa wapi? Ndani ya Ngome ya Dublin, makao ya utawala wa Kiingereza, penye askari tele! Chumba madhubuti kilikuwa kimejengwa, ila kasha la chuma halikupita mlangoni, likawekwa maktaba. Kufuli haikuvunjwa. Mtunzaji alifukuzwa kazi 1908. Hakushtakiwa mtu, na vito havijaonekana hata leo.

Dola iliyojidai kulinda mataifa ilishindwa na kasha moja. Lakini nasi wenye maghala ya umma tusicheke mno. Kikulacho ki nguoni mwako. Twasema: kasha lipimwe kwanza, mlango ufuate, na wenye funguo wahesabiwe kila siku.