Je, Wajua? Injini ya Turbo Nayo Hupumua

Chini ya boneti ya gari lenye turbo kuna mpira mweusi, mnene kama kidole gumba, ambao wenye magari wengi hawajawahi kuugusa. Hiyo ndiyo pua ya injini. Ikiziba, injini huvujia mahali pengine.

Je, wajua kwamba injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwasha mafuta mara 100 kila sekunde? Kila moto unaposukuma pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushukia kwenye sampu, krenki inakozungukia. Hata injini mpya huvujisha. Ringi zikichakaa, huvujisha zaidi.

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji? Mengi hutokea kwenye ekzosi yakiwa mvuke. Machache hushuka sampu pamoja na petroli isiyoungua, yakakutana na oili inayorushwa na krenki. Hapo ndipo unapozaliwa ukungu wa oili. Gari la safari fupi fupi kwenye baridi halipati joto la kuyakausha maji hayo, ndiyo maana ukifungua kifuniko cha oili asubuhi unaweza kukuta utando mzito, mweupe kama mtindi. Ukiukuta huku maji ya rejeta nayo yanapungua, wahi kwa fundi aangalie gasketi ya silinda hedi.

Je, wajua kwamba zamani ukungu huo ulimwagwa barabarani? Magari yalikuwa na bomba lililoelekea chini, na upepo wa mwendo ndio uliounyonya. Kwenye foleni hakuna upepo, basi injini ilibaki na uchafu wake tumboni.

Je, wajua kwamba moshi wa Los Angeles ndio uliobadilisha mambo? Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba mvuke wa mafuta ukipigwa na jua pamoja na gesi za ekzosi huzaa hewa inayochoma macho na mapafu. Magari mapya ya California yakaanza kufungwa vali ya PCV mwaka 1961, na kufikia 1963 ikaenea Marekani nzima. Vali hiyo, kupitia mpira ule mweusi, huurudisha ukungu kwenye silinda, ukaungue.

Je, wajua kwamba turbo huigeuza kazi hiyo juu chini? Kwenye gari la kawaida, manifoldi ya hewa huvuta ukungu kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Turbo ikishika kasi, manifoldi ileile huanza kusukuma. Hapo vali lazima ijifunge, na ukungu upite njia ya pili hadi kwenye bomba la hewa kabla ya turbo, ambako turbo yenyewe inavuta. Vali ikikwama wazi, hewa ya turbo hushindiliwa ndani ya sampu: sili za krenki hutema oili, na kijiti cha kupimia kinaweza kuchomoka chenyewe.

Je, wajua kwamba ukungu ukipita kwa wingi huiadhibu turbo yenyewe? Hewa iliyobanwa huweza kuvuka nyuzi 100 za joto, na oili iliyomo hugeuka masizi kwenye mabapa ya turbo. Nyingine hulowesha intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, ikaishi humo kama mafuta kwenye kikaango. Ikifika kwenye silinda, huipunguzia petroli uwezo wa kuhimili mgandamizo, injini ikaanza kugonga. Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hali ni nzito zaidi, maana hakuna petroli ya kuosha vali za kuingizia hewa.

Je, wajua kwamba magari ya mashindano yana sheria ya jambo hili? Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hudai pipa la kunasia oili la lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2,000, na lita 3 kwa iliyozidi, tena sehemu yake ionyeshe kilichomo. Ukifunga la kwako, limwage mara kwa mara, na usiimwage oili hiyo mtaroni.

Je, wajua kwamba ukungu wa oili unaweza kulipuka? Mwaka 1947 meli ya abiria Reina del Pacifico ilikuwa katika majaribio karibu na Ireland ya Kaskazini ukungu ulipowaka ndani ya injini zake. Watu 28 walikufa. Leo injini kubwa za meli lazima ziwe na vali za kutolea nguvu ya mlipuko.

Je, wajua kwamba kifuniko cha oili ni kipimo cha bure? Injini ikiunguruma taratibu, kifungue kwa tahadhari na ukilaze juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia, heri. Kikirukaruka na moshi ukitoka kwa mapigo, anzia kwenye mpira na vali, kisha pima kompresheni, ndipo uzungumzie kufumua injini. Wangapi wamebadilisha sili mara mbili, mara tatu, kumbe tatizo ni mpira ulioziba!

Wapo wanaoukata mpira huo na kuuacha unaning'inia. Tafadhali, usifanye hivyo. Ukungu ule huingia ndani ya gari walipokaa watoto wako, na humfikia anayekaanga samaki kando ya barabara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la mpira huu ni kinyume: ukiliziba, ndipo utakapojenga ukuta. Servisi ijayo, ikiwa vali yako ni ya kuchomoka, mwombe fundi aitoe na aitikise sikioni pako. Ikilia chaka-chaka, inapumua. Ikiwa kimya, imeganda.