Ukipata nauli ya Japani, usiishie Tokyo

Ukiwauliza wasee wengi kuhusu Japani, watakutajia anime, Toyota na taa za Tokyo. Hata mimi nilikuwa hapo hapo. Halafu nikaacha chuo.

Nilikuwa nasomea mambo ya umeme. Karo ilikatika mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na begi moja. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Miaka miwili hiyo, mwanangu, imeenda bure." Yalinichoma kuliko matusi.

Nikiwa nimekaa hivyo bila kazi, nikakutana na neno la Kijapani: mottainai. Ni ule uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bure. Na unajua nani alilisambaza duniani? Mkenya! Profesa Wangari Maathai alilisikia alipozuru Japani Februari 2005, miezi michache baada ya kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, akalipeleka hadi Umoja wa Mataifa.

Tangu hapo napanga safari. Nauli bado, visa bado, lakini orodha iko tayari. Ni sehemu nne, na kila moja ina kitu ambacho kingeishia jaani lakini kikapona.

Kyoto

Kutoka Tokyo, treni ya kasi inachukua saa mbili na ushee. Mji huu ulifanywa makao ya wafalme mwaka 794 na ukabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kila mtu hupiga picha Kinkaku-ji, hekalu lililopambwa kwa dhahabu ghorofa mbili za juu, kando ya kidimbwi. Wachache wanajua kuwa mwaka 1950 mtawa kijana alilitia moto likateketea. Kufikia 1955 lilikuwa limesimama tena.

Mfuko ukiwa umetoboka, nenda Fushimi Inari. Utapanda mlima ukipita chini ya maelfu ya malango mekundu, na kuingia ni bure. Ukitaka kuona maua ya sakura, lenga mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Majani ya miti hugeuka mekundu Novemba.

Ise

Hapa ndipo penye hekalu kuu la dini ya Shinto. Ajabu yake ni kwamba kila baada ya miaka 20 hujengwa upya kando ya lile la zamani, kwa ufundi ule ule wa kale. Desturi hii ina zaidi ya miaka 1,300. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na ijayo ni 2033. Hivyo fundi mzee hupata nafasi ya kumfunza kijana kabla mikono yake haijachoka. Mbao za zamani nazo hazitupwi ovyo, nyingi hupelekwa kujenga na kukarabati mahekalu mengine.

Hiroshima

Huku hakuna mzaha. Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi, Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya mji huu. Jengo moja la kuba lililobaki mifupa limehifadhiwa lilivyo mpaka leo. Karibu yake kuna makumbusho ambayo kiingilio ni yeni 200, kama nauli ya matatu jioni ya mvua. Ndani kuna nguo na vitu vya watoto waliokufa siku hiyo. Nenda polepole.

Ukitoka, tafuta miti iliyoponea bomu. Iko zaidi ya 100, na kila mmoja una kibao chake. Mingine iliungua kabisa, kisha ikachipua tena.

Yakushima

Hiki ni kisiwa cha mvua na misitu kusini mwa Japani, unavuka kwa meli kutoka Kagoshima. UNESCO ilikiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Humo mna mwerezi unaoitwa Jomon Sugi, wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kuufikia na kurudi ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, kwa hivyo beba koti la mvua na viatu vya maana.

Zamani wakata miti walifyeka mierezi mingi ya kisiwa hiki kutengeneza vigae vya mbao. Jomon Sugi waliuruka. Ulikuwa na mafundo na umepinda, haukuwafaa. Leo ndio watu wanasafiri kutoka kila pembe ya dunia kuuona.

Siku hizi natengeneza simu mtaani, kwa ujuzi wa ile miaka miwili iliyodaiwa kwenda bure. Juzi nilimsimulia Mama habari za mti huo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na nauli ya huko ni pesa ngapi?"