Wazee Wenye Kupotewa na Akili

Mara nyingi katekista anaitwa nyumbani: «Kuja kutuombea, nyanya amekuwa mulozi, anatembea usiku.» Mbele ya kuomba tuulize: jambo hili limeanza lini? Kama ni tangu siku mbili tatu tu, pengine ni malaria, ao ugonjwa wa mukojo, ao kukosa maji. Apelekwe lopitali upesi. Kama limekuja polepole kwa miaka, ni ubongo unaoharibika. Munganga Alois Alzheimer alieleza aina moja ya ugonjwa huo katika mwaka 1906. Ulozi haumo.

Kamina yetu ni muji wa reli. Muzee aliyetumika kwenye treni anaamuka katikati ya usiku, anatafuta viatu, anasema treni inamungoja. Tukimujibu kwamba kazi yake ilikwisha zamani, anakasirika, hata anapiga. Afazali kumuuliza habari za treni ile, kumupa maji, kutembea naye kidogo ndani ya lupango. Mara nyingi atarudi kulala. Akisema bibi ya mutoto wake ameiba feza, tusibishane naye, tuzitafute pamoja. (Na bibi yule, nani anamufariji?)

Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kuvumilia baba hata akili yake ikipunguka. Basi tumutembelee, tusali naye: mara nyingi Salamu Maria inabaki kinywani, hata majina ya watoto yakiwa yamepotea.