Kidiaba: miaka iliyo nyuma ya mdundo mmoja

Kasumbalesa ni mji wa kungoja. Malori yaliyosheheni shaba na kobalti kutoka migodi ya Katanga hupanga foleni hapa kabla ya kuvuka kuingia Zambia, na yale yanayopanda kuja Kongo hupanga foleni yao upande wa pili, Chililabombwe. Dereva aliyetoka Dar es Salaam amekwisha kupita Tunduma, Kapiri Mposhi na Chingola. Zimebaki kama kilomita 90 tu afike Lubumbashi, lakini karatasi zake bado ziko forodhani. Anafunga mlango wa lori, anatafuta pa kula. Ugali anaoletewa, wenyeji wanauita bukari. Akisema ametokea Tanzania, atatajiwa Mbwana Samatta, Mtanzania aliyechezea TP Mazembe ya Lubumbashi. Na huku Katanga, mazungumzo ya Samatta hayakawii kufika kwa Kidiaba.

Ukimwuliza mtu wa mbali Robert Kidiaba Muteba ni nani, atakwambia ni yule kipa aliyekuwa akidunda kwa makalio. Hajakosea. Timu yake ikifunga, wenzake walimkimbilia mfungaji kule kwenye kona. Yeye, nyuma kabisa, alikaa chini kwenye eneo lake, akanyoosha miguu, akaanza kudunda na kusonga, akidunda na kuzunguka, na kile kishungi chake cha nywele kikirukaruka kisogoni. Dunia ilicheka, ikapiga makofi, ikamweka kwenye kumbukumbu zake akiwa katika mkao huohuo.

Ila mkao ule ulikuwa wa sekunde chache. Nyuma yake kuna miaka, na miaka hiyo ndiyo Lubumbashi inayoihesabu.

Kidiaba alizaliwa tarehe 1 Februari 1976. Alipojiunga na TP Mazembe mwaka 2002 alikuwa na miaka 26, umri ambao wengi humwona mshambuliaji amekwisha kuiva. Klabu aliyoingia ilikuwa na jina kubwa na kabati la vikombe vya zamani. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa shirika la Mtakatifu Benedikto, na ikiwa bado inaitwa Englebert ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, ikautetea na kuushinda tena mwaka 1968. Baada ya hapo ilifika fainali mbili nyingine mfululizo na kuzipoteza zote, kisha ukaja ukame mrefu. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi katika miaka ya 70 alikua akisimuliwa ubingwa na wazee, kama anavyosimuliwa bei ya mkate ya zamani.

Katika masimulizi hayo alikuwemo kipa mwingine, naye akiitwa Robert. Huyo ni Kazadi Mwamba, mlinda mlango wa Englebert na wa timu ya taifa iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Ethiopia, na tena mwaka 1974 kule Misri. Mwaka huohuo wa 1974 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilikuwa imekwisha kufunga mabao matatu kabla ya dakika ya 20. Kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu Dimbi, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota bao la nne nyavuni. Mchezo ukaisha 9-0.

Mabao sita kati ya yale tisa hayakumpita Kazadi. Alikuwa ameketi benchi. Lakini nje ya Kongo, jina lake likitajwa, hutajwa pamoja na ile tisa. Hiyo ndiyo kodi ya kazi ya kipa. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, anabebwa mabegani. Kipa akiokoa mara tano na kufungwa mara moja, siku ile inapewa jina lake. Kwa Kazadi, dunia iliokota aibu ya mchana mmoja. Kwa Kidiaba iliokota kichekesho. Wote wawili walifupishwa.

Wachezaji wa Mazembe huitwa Kunguru, kwa jezi zao nyeusi na nyeupe. Wahenga wetu walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Basi kipa ni kunguru asiye na pa kuukimbizia: nyuma yake kuna nyavu, mbele yake kuna kiatu cha mtu anayekuja kwa kasi. Kidiaba alisimama hapo kwa misimu saba kabla Afrika haijamjua. Ni miaka ya ligi ya nyumbani, ya debi dhidi ya Lupopo, timu iliyotokana na watu wa reli, ya safari za ndege katika nchi ambayo barabara haziunganishi miji yake mikubwa. Aliyekaa foleni ya Kasumbalesa anaijua subira ya namna hiyo. Huwezi kulala, maana gari la mbele linaweza kusogea wakati wowote. Wala huwezi kukimbia, maana halijasogea.

Foleni ilisogea mwaka 2009. Tarehe 8 Machi, mjini Abidjan, Kongo iliifunga Ghana 2-0 na kuwa bingwa wa kwanza wa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Kidiaba alikuwa langoni, na wengi waliokuwa mbele yake walikuwa wenzake wa Mazembe. Mwezi Novemba ikaja fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Heartland ya Nigeria. Kule Owerri Mazembe ilifungwa 2-1. Nyumbani Lubumbashi ikashinda 1-0, na lile bao moja la ugenini likatosha. Miaka 41 ya masimulizi ikakatika jioni moja, na kipa alikuwa na miaka 33.

Mwaka uliofuata haikuhitajika kuhesabu mabao ya ugenini. Espérance ya Tunis ilikuja Lubumbashi ikachapwa 5-0, na sare ya 1-1 ya marudiano ikawa ya kukamilisha ratiba tu. Kama Englebert ya Kazadi, Mazembe ya Kidiaba nayo ikawa imeutetea ubingwa.

Ndipo ilipokuja Abu Dhabi, Desemba 2010, kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Mazembe ilikwenda bila Trésor Mputu, nyota wake mkubwa, aliyekuwa amefungiwa na FIFA baada ya vurugu za Kombe la Kagame mjini Kigali. Bila Mputu, timu ya kocha Lamine N'Diaye kutoka Senegal ingelazimika kuumia kwanza kabla ya kufunga. Ilianza kwa kuitoa Pachuca ya Mexico kwa bao 1-0. Tarehe 14 Desemba ikakutana na Internacional, mabingwa wa Amerika Kusini.

Mchezo ule ni wa kuangaliwa tena kwa kumfuata kipa peke yake. Wabrazil walipiga kutoka mbali, wakapiga kutoka karibu, wakapiga kwa vichwa. Kidiaba alipangua, akadaka, akajitupa miguuni pa watu, akainuka, akarekebisha glovu zake, akangoja tena. Kisha Kabangu akafunga kipindi cha pili kilipoanza kukolea, na dakika tano kabla ya mwisho Kaluyituka akaongeza la pili. Hapo ndipo dunia ilipoona ule mdundo. Kwa mara ya kwanza, timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini ilikuwa imeingia fainali ya mashindano yale.

Tarehe 18 Desemba Inter Milan ikaifunga Mazembe 3-0, kwa mabao ya Pandev, Eto'o na Biabiany.  Lakini Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuona jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nimefikiri sana juu ya ule mdundo. Kipa hana bao lake. Furaha yake ya kawaida ni ya kuzuia, nayo haishangiliwi kwa kukimbia uwanja mzima, kwa sababu kona inakuja mara moja na lazima asimame tena mahali pake. Bao la wenzake linapoingia, yeye hawezi kuvuka uwanja kwenda kuwakumbatia. Yuko peke yake. Kidiaba aliuchukua upweke huo, akaukalia chini, akaufanya ngoma. Kwa wengine ulikuwa mzaha. Mimi niliona mtu anayeshiriki karamu akiwa zamu ya kulinda mlango.

Naye aliendelea kulinda. Kwenye Kombe la Afrika la 2015 kule Guinea ya Ikweta, mchezo wa kwanza wa Kongo ulikuwa dhidi ya Zambia, majirani wa mpaka huu huu, na miongoni mwa Wazambia alikuwemo Rainford Kalaba, mwenzake wa Mazembe. Ukaisha 1-1, na kila upande wa Kasumbalesa ukabaki na amani. Robo fainali ilichezwa Bata tarehe 31 Januari dhidi ya Kongo Brazzaville. Kongo ya Kidiaba ilitangulia kufungwa mabao mawili, kisha ikarudisha manne. Kesho yake kipa alitimiza miaka 39. Côte d'Ivoire iliwazuia nusu fainali kwa 3-1, lakini tarehe 7 Februari, mjini Malabo, Kongo iliwashinda wenyeji kwa penalti 4-2 baada ya sare tupu, ikachukua nafasi ya tatu. Baada ya hapo akaiaga timu ya taifa.

Klabu hakuiaga upesi hivyo. Kati ya Oktoba na Novemba mwaka huohuo Mazembe iliifunga USM Alger ugenini na nyumbani, ikatwaa ubingwa wa Afrika wa tano katika historia yake na wa tatu kwa Kidiaba. Samatta alifunga penalti katika michezo yote miwili. Januari 2016, mjini Abuja, zilipotolewa tuzo za mchezaji bora wa mwaka 2015 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, wa kwanza alikuwa Mbwana Samatta kwa pointi 127. Wa pili, kwa pointi 88, alikuwa Robert Kidiaba. Mmoja alikuwa na miaka 23 na safari ya Ulaya mbele yake. Mwingine alikuwa anakaribia 40, na alikuwa amekwisha kufika.

Ndiyo maana hapa mpakani majina hayo mawili hutembea pamoja. Samatta alipita Lubumbashi, ikampa mabawa, akaenda. Kidiaba alibaki. Alipotundika glovu aliwafundisha makipa wa Mazembe, na katika uchaguzi wa 2018 watu wakampigia kura kuwa mbunge katika bunge la jimbo la Haut-Katanga. Wapiga kura hawampi mtu kiti kwa sababu ya sekunde chache za kudunda. Walikuwa wamemwona akisimama mahali pamoja kwa zaidi ya miaka kumi, mvua na jua, akipigiwa mipira na asiondoke.

Huku Kasumbalesa karatasi zimegongwa muhuri. Dereva ananawa mikono, anapanda lori lake, anawasha injini. Foleni imesogea, naye alikuwa macho.