Surua na Wasafiri wa Simiyu

Surua huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na virusi vyake hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, takribani 9 huambukizwa. Mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokeza, hivyo aweza kupanda basi akidhani ana mafua tu.

Mkoa wa Simiyu uko kwenye njia ya wasafiri kama huyo. Barabara ya Bariadi hukutana Lamadi na ile ya Mwanza, Musoma na mpaka wa Sirari, jirani na lango la Ndabaka la watalii wa Serengeti.

Nchini Tanzania mtoto huchanjwa dhidi ya surua na rubella akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Dozi mbili hukinga takribani watu 97 kati ya 100. Msafiri wa kimataifa asiye na kumbukumbu za chanjo hushauriwa kupata dozi mbili, zikipishana angalau siku 28, kabla ya kuondoka. Mjamzito hungoja hadi ajifungue ndipo achanjwe. Anayepata homa na vipele baada ya safari ajitenge na kuwahi kituo cha afya.