Nyumba ya kuku ya kuinuliwa: sakafu ndiyo inafanya kazi



Katika milima ya Kabare na Walungu, watu wengi sasa wanajenga nyumba ya kuku juu ya miguu ya miti. Ni jambo muzuri: kuku hawalali tena jikoni, maji ya mvua haiwafikii, na kimburu anapata kazi ngumu. Lakini mara nyingi tunakuta nyumba iko juu, sakafu yake ni mbao zenye kufungana kabisa, na mavi inabaki ndani juma moja ao mawili. Nyumba ya namna hiyo imepanda juu, na ugonjwa umepanda pamoja nayo.

Sababu ni hii. Kuna ugonjwa wa tumbo unaoitwa koksidiozi, ule wa mavi yenye damu, wenye unaua vifaranga wengi. Mbegu yake inatoka katika mavi ya kuku mugonjwa, lakini wakati inatoka haiambukizi mara moja. Inahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja ao mbili, ndipo inaiva. Kama mavi inaanguka chini mbele ya wakati huo, na kuku hawawezi kuifikia, njia ya ugonjwa imekatwa. Kwa hiyo urefu wa miguu peke yake hautoshi. Nafasi kati ya miti ya sakafu ndiyo inaokoa kuku.

Basi, tuchague sakafu gani?

Mianzi ao miti myembamba. Kwa kuku wakubwa, hii ndiyo tunashauri kwanza, juu inapatikana karibu na haiombi feza nyingi. Pasua mianzi katikati, upande wa mviringo utazame juu, na uache nafasi ya sentimetre 2. Usiweke mianzi mizima: ndani ya shimo lake kunajificha utitiri, vile vidudu vyenye kunyonya damu ya kuku usiku. Miti ya mikaratusi inafaa pia, lakini toa maganda kwanza.

Wavu wa chuma. Mavi inaanguka vizuri na kuosha ni rahisi. Lakini ni bei kali, na waya mwembamba unalegea na kuumiza nyayo za kuku. Kama munautumia, chagua waya munene, tegemeza na miti chini yake, na weka fito za kulalia ndani.

Mbao za kufungana. Hizi ziache kwa mama kuku na vifaranga wake mpaka wafikishe wiki 6 ao 8, kwa sababu miguu yao midogo inaingia katika nafasi na baridi inawapiga kutoka chini. Tandika juu yake maganda ya muchele ao mabaki ya randa, sentimetre 5 mpaka 10, na ubadilishe kila mara inapolowana.

Mufano wa vipimo kwa kuku 15: sakafu ya metre 2 kwa metre 1,5, ni kusema kuku 5 kwa kila metre karé. Fito za kulalia zikamate metre 3 kwa jumla, sentimetre 20 kwa kila kuku. Chini ya sakafu acha sentimetre 80 mpaka metre 1, ili jembe na ufagio viingie. Zungusha fito pale chini na uache mulango mudogo. Bila hiyo, kuku watachakura mavi ileile muchana, na kazi yote ni bure. Kila muguu uvalishe kipande cha manjanja ya zamani ili panya asipande.

Zoa mavi mara mbili kwa juma. Changanya na majani makavu, funika mvua isiiguse, ngojea miezi 2 ao 3. Mavi mabichi inaunguza mimea. Yenye kuoza ni mbolea muzuri ya maharagi, lengalenga na migomba.

Neno moja la kuonya: sakafu haizuii Newcastle. Ule ugonjwa unapita kwa pumzi, kwa viatu, na kwa kuku mwenye kutoka sokoni. Tenga kuku mupya wiki 2, na uchanje wote kila miezi 3 ao 4. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi, na ikifunguliwa haikai. Kwa hiyo koperative ipange siku moja na veterineri, kila mutu alete kuku wake. Hivyo bei inagawanyika.

Jioni ya leo, inama utazame chini ya nyumba yako. Kama ni safi kabisa na hujazoa, jiulize: mavi iko wapi? Iko juu, pamoja na kuku wenye unategemea kulipa masomo ya watoto.